Kabla mama mdogo hajamkamulia njiti maziwa: mambo ya kuzingatia

Akizaliwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ukoo mzima hukusanyika, na haipiti muda mtu atasema: "Si mdogo wako ananyonyesha? Akamue, mtoto apate." Nia ni njema kabisa. Ila utumbo wa njiti bado mchanga na kinga yake ni ndogo, kwa hiyo kuna mambo ya kumaliza kabla tone la kwanza halijaingia kwenye mrija wa kumlishia.

Kwanza, hakikisheni kama kweli mama hana maziwa. Njiti wa kilo 1.2 akianzishiwa mililita 60 kwa kilo, kwa siku nzima anahitaji mililita 72. Akilishwa kila saa mbili, kila mlo ni mililita 6: kijiko cha chai na kidogo juu yake. Wengine daktari huwaanzishia chini ya hapo. Mama aliyetoka upasuaji, mwenye presha na hofu, hukamua matone ya manjano akasema hana kitu. Hayo matone ndiyo yanayotakiwa, na maziwa ya aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini nyingi kuliko ya dada ambaye mwanawe ameshaanza kutambaa. Akamue kwa mkono mara nane au zaidi kwa siku, usiku pia, na ambebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Maziwa ya ndugu ni ya kushikizia tu.

Yakihitajika, mwambieni muuguzi waziwazi, msiyapitishe kwenye kikapu saa ya kuona wagonjwa. Ulizeni kama hospitali ina namna ya kuyapasha moto ili kuua vijidudu. Benki ya maziwa ya Pumwani, Nairobi, iliyofunguliwa 2019, huyapasha kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Kuna virusi, kama sitomegalo, ambavyo mtu mzima hukaa navyo bila kuumwa lakini vinaweza kumdhuru njiti, na kuyagandisha maziwa hakuviui kwa uhakika.

Vipimo vifanywe upya: VVU, homa ya ini, kaswende. Kadi ya kliniki ya mwaka jana haitoshi. Hapa nasisitiza jambo ambalo familia nyingi hulisahau: kubalianeni mapema kwamba majibu ni ya mama mdogo peke yake. Muuguzi aseme "yanafaa" au "hayafai", basi, na mtu asiulize kwa nini. Yanaweza kukataliwa kwa sababu ya dawa anayomeza tu. Nao wanaovuta sigara, wanaokunywa pombe au kutafuna mirungi wajitoe wenyewe. Mtoto wa mama mdogo mwenyewe naye ashibe kwanza.

Kwa familia za Kiislamu, zungumzeni na sheikh kabla, si baada. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani yetu, mtoto akinyweshwa mara tano kabla hajatimiza miaka miwili huwa mwana wa kunyonya, hata kama ni kwa kikombe au mrija. Mume wa mama mdogo huwa baba yake, na watoto wao wote, waliopo na watakaozaliwa, huwa ndugu zake. Pwani binamu huoana, kwa hiyo jambo hili si dogo. Mume huyo aulizwe, na iandikwe: nani alinyonyesha, mtoto gani, mara ngapi. Nakala ikae nyumba zote mbili.

Vyombo ni vya kioo au plastiki ngumu ya chakula, vyenye mfuniko, vilivyochemshwa. Chupa ya soda hapana. Mikono ioshwe kwa sabuni. Kila chombo kiandikwe jina, tarehe na saa. Nje ya friji maziwa hukaa saa nne, na kwa joto la Dar au Mombasa msiifikishe hiyo saa ya nne; yabebeni kwenye boksi la barafu. Kwenye friji hufika siku nne, ila kwa njiti mapya ndiyo bora. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu. Mtoto akivimba tumbo, akitapika kijani au akipata choo chenye damu, simamisheni mlo na mwiteni daktari saa hiyo hiyo.