Kwa nini kijani chako kinatoka tope

Nachora mabango Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu huniuliza: "Kaka, si njano na buluu ni kijani? Mbona hiki kimekuwa kama maji ya mtaro?"

Tafuta rangi ya maji: nyekundu, njano na buluu, ambazo mafundi tunaziita rangi za msingi, pamoja na nyeupe. Utahitaji pia kifuniko cha ndoo na kijiti.

Hatua ya 1: Elewa rangi inavyofanya kazi. Mwanga wa jua umebeba rangi zote. Rangi ya kopo hunyonya baadhi, zinazobaki ndizo zinarudi machoni. Ukichanganya mbili, kila moja inanyonya fungu lake, kwa hiyo mwanga unaorudi unapungua. Kioo cha simu ni kinyume chake: kinatoa mwanga mwekundu, kijani na buluu, na vikikutana vyote unaona nyeupe. Usimwahidi mteja rangi aliyoiona kwenye simu.

Hatua ya 2: Pima buluu yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Weka tone, lichanganye na nyeupe nyingi, uangalie: imeelekea kijani au zambarau? Njano nayo, ni ya limao au ya embe bivu? Buluu ya kizambarau na njano ya embe zote zina wekundu ndani yake. Ukizikutanisha, umeshachanganya rangi zote tatu bila kujua, na tatu zikikutana ni tope. Mimi niliwahi kuharibu nusu lita namna hiyo, bango la mgahawa wa Tukuyu, nikitafuta kijani cha mashamba ya chai. Nilikoroga yote kabla ya kujaribu hata tone.

Hatua ya 3: Anza na njano. Ongeza buluu kwa ncha ya kijiti tu. Buluu ina nguvu; ukianza nayo utamaliza kopo la njano ukiikimbiza.

Hatua ya 4: Pakaza kwenye ubao, usubiri ikauke. Rangi ya maji ikikauka hukolea. Juni na Julai, kwa baridi yetu, inakawia, basi uanike ubao juani.

Hatua ya 5: Poza ukali. Kijani kikiwaka mno, tia chembe ya nyekundu. Ukitaka kijani kizito cha jani la parachichi lililokomaa, jaribu njano na nyeusi kidogo, bila buluu kabisa. Kisha andika vipimo nyuma ya ubao, kwa sababu mteja atarudi kutaka kijani kilekile.