Kupima ukuta mkongwe wa bahari kwa nyundo na jiofoni

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huharibikia nyuma, chini ya lami, pasipoonekana. Maji yakijaa hupenya kwenye viungo. Yakipwa hutoka na mchanga. Mwaka hadi mwaka shimo linapanuka, na juu magari yanaendelea kupita. Ndiyo maana siruhusu mtu atoboe kabla sijasoma mitetemo.

Chagua siku ya bamvua. Mombasa na Zanzibar maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Pima yamekupwa, urudie palepale yamejaa: sehemu ambayo kifusi kilichojazwa nyuma ya ukuta kinalowa upesi ndiyo inayovuja.

Laza jiofoni 24 za hezi 4.5 (vipokezi vidogo vya mitetemo ya ardhi) sambamba na ukuta, mita 2 ndani, kila moja mita 1 kutoka mwenzake. Utaona kina cha mita 10 hivi. Kwenye lami msumari hauingii, kwa hiyo tumia kitako cha chuma juu ya donge dogo la plasta, ukandamize kwa kidole gumba mpaka jiofoni isimame wima kabisa. Inayoyumba itarekodi upepo, na kompyuta haitakuokoa.

Piga bamba la chuma kwa nyundo ya kilo 8, mara 5 hadi 10 mahali pamoja, ujumlishe rekodi. Lori likija, ngoja lipite.

Sasa penye mtego. Mawimbi ya mgandamizo, yanayosukuma na kuvuta kama sauti, hupita majini kwa kama mita 1,500 kwa sekunde. Mchanga uliolowa, umeshikana au umelegea, hutoa namba ya karibu na hiyo, nawe utadhani ukuta ni mzima. Mawimbi ya mkato, yanayotikisa ardhi kwa upande, hayapiti majini. Hutegemea punje zilivyoshikana. Hayo ndiyo ya kuamini, na utayapata kwa kuchambua mawimbi ya juu ya ardhi. Kasi yake ikiwa chini ya mita 180 kwa sekunde, shuku kifusi kilicholegea.

Gati la nguzo ambalo michoro yake imepotea lina njia yake. Gonga kichwa cha nguzo usikilize mwangwi: kwenye zege la mita 4,000 kwa sekunde, milisekunde 6 za kwenda na kurudi ni nguzo ya mita 12. Sakafu ya gati ikivuruga mwangwi, toboa kando ya nguzo, teremsha haidrofoni (kipokezi cha sauti ndani ya maji) ukiendelea kugonga. Mstari wa grafu ya kina na muda wa mlio kufika unapopinda ndipo nguzo inapoishia.

Kabla ya ripoti, chimba penye kasi ndogo na penye kasi kubwa. Mimi sisaini bila picha za mashimo yote mawili.