Usimrukie Anayezama, Mtupie Dumu

Nakodisha tyubu za kuelea ufuoni Pirates, hapa Bamburi, Mombasa, tangu 2009. Ni tyubu nyeusi za malori, zenye viraka juu ya viraka. Bega langu la kushoto lina kovu nne za kucha. Si za mke wangu, kama wenzangu wanavyonitania. Ni za kijana wa kutoka bara niliyemrukia Desemba yangu ya kwanza. Nilijiona samaki. Nikamwendea kwa mbele, akanikaba shingo, tukazama wawili. Aliyetutoa ni mzee mmoja mvuvi, na hata kikoi hakukiloweka: alitupa dumu tupu lenye kamba, tukalishika, akatuvuta kama avutaye jarife.

Tangu siku ile siingii majini mikono mitupu.

Kwanza mjue anayezama, maana hafanani na wa kwenye filamu. Hapigi kelele, pumzi ya kelele hana. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mara watokeza mara wafunikwa, na mikono yakandamiza maji kama mtu anayepanda ngazi. Ukimwita haitiki. Anayepunga mkono na kuita ana shida lakini bado ana muda. Aliyenyamaza huenda hana hata dakika. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kweli, ila kutapatapa kwenyewe kuko chini, juu huoni kitu. Watoto wakiwa na makelele kula mahamri yako. Wakinyamaza, geuka utazame.

Ukishamwona, mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe wa jezi nyekundu, piga 999!" Ukisema "jamani pigeni simu", kila mmoja atadhani mwenzake keshapiga. Mwingine mwambie asimame amwelekezee kidole anayezama, asigeuke hata akiitwa na mamake. Wimbi likimfunika, bila kidole hicho hutajua alikuwa wapi.

Akiwa karibu na jiwe au gati, mpe fimbo au leso mbili zilizofungwa pamoja, lakini wewe lala kifudifudi kwanza, la sivyo atakuvuta uingie. Akiwa mbali, mtupie kinachoelea: tyubu, dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko, hata kiboksi cha mwuza aiskrimu. Chenye kamba kirushe kimpite kichwa, kisha ukivute kimjie mikononi.

Ikiwa huna budi kuingia, na waogelea kweli, ingia na tyubu. Simama mita mbili hivi, msukumie, mwambie aishike. Akikudaka wewe, vuta pumzi uzame. Najua ni kama wazimu, lakini yeye atafuta hewa, hatakufuata chini. Msukume, tokea mbali naye, uanze upya.

Kwenye mchanga ndipo tunapoharibu. Nimeona mtu akining'inizwa miguu juu, nimeona akibiringishwa juu ya tyubu yangu mwenyewe ati "maji yatoke". Acheni! Anachokosa ni hewa, na tumbo likikandamizwa atatapika, matapishi yaingie mapafuni. Mlaze chali. Tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, inua kidevu, mbane pua, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie mara 5, kifua kipande kila mara. Halafu weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, sukuma mara 30 kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima. Mpulizie 2, sukuma 30, mpulizie 2. Povu jeupe litatoka. Usipoteze muda kulifuta. Akitapika mgeuze ubavu, msafishe mdomo, endelea. Mikono huchoka upesi, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili mpaka wauguzi wafike. Haya nilifundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu kwa sanamu la plastiki. Nambari yao ni 1199, ihifadhi kwenye simu.

Akizinduka akaomba soda, bado aende hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumbana saa kadhaa baadaye, akiwa kalala peke yake chumbani.

Wengi niliowatoa hawakuja kuogelea, walikuja kupiga picha. Maji yakipwa hutembea mpaka karibu na mwamba, miguu haijaloa magoti, na nyuma yao mkondo unajaa kimyakimya. Maji huchukua saa sita hivi kujaa, lakini hayaji sawasawa: saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hapa kwetu hukaribia mita 4. Ukiwaona marafiki wako wako kule na mashua zimeanza kuinuka mchangani, wapigie mluzi warudi, wasingoje picha ya mwisho.

Dumu langu huning'inia mlingotini, manjano, na kamba ya mita 15 imefungwa kwenye mkono wake. Ndani mna maji vikombe viwili. Likiwa tupu kabisa, kaskazi ya Desemba hulipeperusha, likaangukia pasipotakiwa. Na wateja wakiuliza bei ya kulikodi, nawaambia hilo halikodishwi.