Kupima kaboni-13 kwenye majani ya miti: ninavyofanya Goma

Mdogo wangu mmoja anayeandika memwari alinijia na vipimo kumi na viwili vya mgrevilea mmoja tu, vimetawanyika toka -26 hadi -31 kwa elfu, yaani upungufu wa kaboni-13 (kaboni nzito) ukilinganisha na kipimo cha kimataifa. Akasema mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Majani ndiyo yaliyochumwa ovyo.

1. Kuchuma. Hapa usiwe na haraka. Kaboni-13 ni kama asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na mti huipenda kidogo kuliko kaboni-12. Stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, zikiwa wazi, Rubisko, kimeng'enya kinachokamata kaboni, ina nafasi ya kuchagua. Mti ukiona kiu huzifunga. Kaboni inayobaki ndani ya jani ni chache, basi hutumika hata ile nzito, na kipimo hupanda, tuseme toka -27 hadi -25. Hiyo alama ya kiu ndiyo tunayotafuta.

Ila kivuli nacho hubadilisha namba. Jani la chini hupata mwanga kidogo, tena huvuta hewa iliyotoka kwenye udongo unaooza, kwa hiyo hushuka bila mti kuwa na shida yoyote ya maji. Yule mdogo wangu alichuma pale mkono ulipofika. Chuma majani yaliyokomaa, ya nje, yanayopigwa na jua, urefu uleule, upande uleule, matano kwa kila mti. Mimi natumia mwanzi mrefu wenye mundu. Habari ya ngazi juu ya mawe ya lava sitaki kuisikia.

Halafu kuna mazuku, mashimo yanayojaa kaboni dioksidi ya volkano. Hesabu yote inachukulia kwamba mti unavuta hewa ya kawaida, -8.5 hivi. Mti ulio karibu na shimo la mazuku, kama yale ya njia ya Sake, unavuta pia gesi ya volkano, na uwiano wake ni mwingine. Nilipoteza msimu mzima hivyo. Waulize wenyeji mbuzi hufia wapi, uhame. Na usishuke shimoni hata kama jani ni zuri namna gani: gesi hiyo haionekani, na hulala chini.

2. Kukausha. Nyuzi 60 hadi 70, siku mbili. Bahasha za karatasi, kamwe si plastiki. Majani huota ukungu. Usikaushe juu ya mbabula, vumbi la makala ni kaboni pia.

3. Kusaga hadi unga laini, kisha miligramu moja hivi kwenye kikapsuli cha bati. Futa kinu kila mara.

4. Hesabu. Jani la -27: tofauti na hewa ni 18.5, gawa kwa 0.973, unapata 19. Toa 4.4 (upendeleo wa kupita kwenye stomata), gawa kwa 22.6 (27 ya Rubisko toa 4.4 hiyo): 0.65. Ndiyo sehemu ya kaboni dioksidi ya nje iliyobaki ndani ya jani.

Kwenye kila kundi la sampuli naingiza jani la mahindi, maana mahindi hukamata kaboni kwa njia nyingine na hukaa karibu na -12. Likirudi mbali na -12, najua bahasha zimebadilishana.