Usiulize shida ya mtoto, uliza jana yake

Kwa mnaohoji wazazi wa watoto wenye changamoto za afya ya akili, hii nimeiokota kwa dada mmoja wa ustawi wa jamii hapa Mwanza: usianze na "mtoto ana shida gani", sema "mama, nisimulie jana yake, toka kaamka mpaka kalala". Ukiuliza shida utaambiwa mkorofi, hasikii, basi. Ukiuliza jana utasikia kaamka kakojoa kitandani, shule kagoma kuingia darasani, ila jioni kakaa na bibi kwenye vichanja vya dagaa anafukuza kunguru, katulia kabisa mpaka giza, hapo umepata hitaji na uwezo kwa mpigo. Inasaidia kwa sababu mtu anasimulia alichokiona, hatoi hukumu. Dodoso la SDQ toa baadaye, lile la maswali 25 ya kupima uwezo na shida za mtoto, na yale 5 ya kujali wenzake msiyaruke eti kisa hayajumlishwi kwenye alama za shida, uwezo wa mtoto umo humo.

Inapogoma: jana ikiwa sikukuu au mtoto alikuwa na homa (chukua juzi), au unayemuuliza hashindi naye, mfano baba wa kambi ya dagaa anayeonekana nyumbani kipindi cha mbalamwezi tu, huyo msikilize kwa heshima halafu mtafute bibi. Na mtoto akishasema anataka kujidhuru, achana na stori za jana, hospitali siku hiyo hiyo.