Kuzuia nakala rudufu isikwamishe seva msimu wa korosho

Msimu wa mnada Mtwara, seva ya Linux ya chama cha msingi huingiziwa uzito wa magunia mchana kutwa. Nakala rudufu ikianza wakati huo, makarani hukwama. Ianzishe kwa upole, kwa `nice`, amri inayopanga programu ipi itangulie kwenye prosesa (hapa `nakala.sh` ni skripti ya nakala):

`nice -n 15 ./nakala.sh`

Imeshaanza? Tafuta namba yake ya mchakato (PID, mfano 2314) kwa `top`, kisha `renice -n 15 -p 2314`. Kipimo cha `nice` ni -20 (hutangulizwa) hadi 19 (husubiri wengine). Kawaida ni 0. Kushusha namba kunahitaji `sudo` (mamlaka ya msimamizi).

Lakini `nice` hugawa prosesa tu, tena pale inapogombewa. Kumbukumbu (RAM) haiigusi kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea. Weka ukomo halisi kupitia systemd, msimamizi wa huduma za Linux:

`sudo systemd-run --scope -p CPUQuota=50% -p MemoryHigh=800M -p MemoryMax=1G ./nakala.sh`

Hiyo 50% ni nusu ya kiini kimoja cha prosesa, si nusu ya mashine nzima. Kumbukumbu inayotumika ikipita 800M, programu hupunguzwa kasi. Ikigonga 1G na kumbukumbu isipopatikana, keneli (kiini cha mfumo wa Linux) huiua programu, na nakala hubaki nusu. Hakikisha faili la nakala limekamilika kabla ya kufuta la jana.

Hifadhidata ikilalamika “Too many open files” (faili zilizofunguliwa ni nyingi mno), usihangaike na `limits.conf`, faili la ukomo wa watumiaji: huduma za systemd haziisomi. Tumia `sudo systemctl edit` pamoja na jina la huduma, andika `LimitNOFILE=65536` (ukomo wa faili zilizofunguliwa) chini ya `[Service]`, kisha iwashe upya huduma.