Somo: Ufunguo wa kamusi wenye urefu usiojulikana, kwa C#

Mjomba wangu ana boti ya abiria hapa Amu (Lamu), akataka nimwandikie programu ya nauli. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe njia hazilingani: Mokowe–Amu ni vituo viwili, Amu–Mtangawanda–Faza–Kizingitini ni vinne, na maji yakikupwa Mkandani, ule mkondo wa bahari, nahodha ana njia yake.

Nikatumia kamusi ya C#, `Dictionary<string[], int>`, yaani jedwali linalokupa thamani (hapa nauli) ukilipa ufunguo (hapa safu, yaani orodha ya majina ya vituo). Nikatia nauli, kisha nikaitafuta kwa safu nyingine yenye majina yaleyale. Programu ikaanguka, eti ufunguo haupo! Kompaila (programu inayotafsiri kodi) haikunionya, kwani kwake aina zote zilikuwa sawa.

Hatua ya 1: jua kamusi inavyotafuta. Fikiria unatafuta nyumba Amu. Kwanza unauliza mtaa, Mkomani au Langoni. Ukifika ndipo unabisha mlango. `GetHashCode`, inayotoa namba iitwayo hashi kutokana na ufunguo, ndiyo mtaa; `Equals`, inayolinganisha funguo mbili, ndiyo kubisha. Safu ya C# haitazami yaliyomo ndani yake. Hulinganishwa kwa utambulisho (ni safu ileile moja au siyo), kwa hiyo safu mbili zenye majina sawa ni nyumba mbili tofauti. `List` nayo ni vivyo hivyo.

Hatua ya 2: ivishe safu darasa (`class`) lako.

```
public sealed class Njia : IEquatable<Njia>
{
    private readonly string[] vituo;
    private readonly int hashi;

    public Njia(params string[] v)
    {
        vituo = (string[])v.Clone();
        var h = new HashCode();
        foreach (var k in vituo) h.Add(k);
        hashi = h.ToHashCode();
    }

    public bool Equals(Njia? n) =>
        n is not null && vituo.SequenceEqual(n.vituo);
    public override bool Equals(object? o) => Equals(o as Njia);
    public override int GetHashCode() => hashi;
}
```

Usisahau `using System.Linq`. Na ile `Clone`, inayonakili safu, usiifute ukadhani ni pambo. Bila hiyo, mtu aliyekupa safu anaweza kubadili kituo baadaye. Ufunguo utakuwa umehama nyumba, na kamusi ingali inabisha kule kwa zamani.

Hatua ya 3: tumia. Sasa kamusi `nauli` iwe `Dictionary<Njia, int>`: `nauli[new Njia("Amu", "Mtangawanda", "Faza")]`. Basi.

Maswali ya wanachama

*Wa Shela:* Kwa nini usiunganishe majina kwa kistari yakawa neno moja? Mistari yote hiyo ya nini?

Inafanya kazi mpaka siku jina lenyewe liwe na kistari. Hapo "A-B" na "C" zitatoa neno lilelile la "A" na "B-C", na abiria atatozwa nauli ya njia nyingine. Kwa majaribio ya haraka, sikukatazi.

*Wa Faza:* Tapo (`tuple`, vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja) je? Tapo si hulinganishwa kwa yaliyomo?

Ndiyo, na kama njia zako zote zina vituo vitatu, tumia tapo, achana na mimi. Lakini tapo ya vitu viwili na ya vitatu ni aina mbili tofauti kwa kompaila. Hazikai kwenye kamusi moja. Tena kuna wanaokimbilia `record` (aina inayojilinganisha kwa yaliyomo) yenye safu ndani. Safu ile bado italinganishwa kwa utambulisho, mtarudi palepale.

*Wa Malindi:* Kwenda na kurudi nauli ni moja. Nipange vituo kialfabeti?

La, dada! Ukivipanga, Amu–Faza–Siyu na Faza–Amu–Siyu zitakuwa kitu kimoja. Ndani ya konstrukta (ile `public Njia(...)`), kabla ya kukokotoa hashi, linganisha kituo cha kwanza na cha mwisho kwa `string.CompareOrdinal`, cha kwanza kikiwa kikubwa, igeuze safu nzima kwa `Array.Reverse`. Mpangilio wa katikati unabaki ulivyo.

*Wa Shela tena:* Naweza kuhifadhi hashi kwenye faili ili kesho isikokotolewe?

Usithubutu. `HashCode` huchagua mbegu mpya (namba ya nasibu ya kuanzia) kila programu inapowashwa, kwa hiyo namba ya leo kesho haina maana. Hifadhi vituo vyenyewe.